Wifi Alijaza, Mimi Nikavalisha

Jumamosi, Septemba inaishia. Same, nyumbani.

Upepo umevuma tangu asubuhi na vumbi limeingia hadi kwenye kopo la sukari. Milima siioni. Sijafua, sijaenda mazoezi ya kwaya, na simu nimeilaza kifudifudi mezani. Nina hasira, na nimeona afadhali niandike hapa kuliko kwenda kumwaga maneno kwa watu.

Wifi yangu amenigeuka.

Kwa ambaye hajawahi kupita hapa: naitwa Nakiete, na kazi yangu ni kusokota sigara. Si hizi za pakiti. Ni zile nene za tumbaku tupu, ambazo wageni wa hifadhini huvuta wakishashiba. Kazi hii nilijifunzia Arusha, kwenye karakana ya mzee mmoja wa kigeni, ambako nilikaa miaka minane pamoja na wifi yangu Naghenjwa, dada wa marehemu mume wangu. Mzee alipofunga karakana tukarudi nyumbani kuanzisha yetu. Yeye yuko Maore, kwenye shamba la tumbaku. Mimi niko hapa mjini, karibu na wateja.

Kule tulifundishwa kufanya kazi wawili wawili. Mmoja anajaza, mwenzake anavalisha. Mjazaji anapanga majani ya ndani, ambayo sisi wafanyakazi tuliyaita utumbo, anayafunga kwa jani moja gumu kisha anayabana kwenye kibao yapate umbo. Mvalishaji anazungushia jani la nje, lile laini lisilo na tundu, ambalo ndilo mteja analoliona. Naghenjwa alijaza, mimi nikavalisha. Ni miaka sita sasa tangu turudi. Kila Jumanne mzigo wake unakuja na gari la Maore ukiwa umefungwa kwenye kitenge, nami nauvalisha na kuweka kikaratasi chenye jina langu.

Niseme jambo ambalo wateja wengi hawalijui. Nyumba njema si mlango. Jani la nje ni sura tu. Ladha ya sigara na mwenendo wa moto wake viko kwenye utumbo. Utumbo mzuri ni majani mazima, marefu kutoka ncha hadi ncha, yaliyokunjwa kwa namna ya kuacha njia ya hewa. Jani la chini ya mmea linashika moto vizuri, la katikati lina harufu, la juu kabisa lina ukali, na mjazaji hodari anajua kuyapatanisha. Sigara hiyo inaungua polepole, moshi wake umepoa, na jivu linakaa bila kuanguka. Ukijaza makombo, yaani vipande vilivyobaki mezani, moto unakimbia, moshi unachoma ulimi, na mvutaji anatematema kama aliyekula mboga yenye mchanga. Makombo nayo yana wateja wake, na si dhambi kuyauza ukisema ni makombo.

Mimi nilikuwa nasema ni majani mazima.

Juzi Alhamisi alikuja meneja wa hoteli moja ya wageni, mteja wetu mkubwa kuliko wote. Alinipa shikamoo yake kama kawaida lakini hakukaa. Alitoa boksi lenye jina langu, akachukua sigara moja, akaipasua kwa kisu toka juu hadi chini juu ya meza yangu. Vipande vikamwagika kwenye kitambaa.

“Mama, haya ndiyo majani mazima?”

Alisema wageni wamezirudisha, na kwamba Jumatatu anataka kujua kilichotokea kabla hajaamua kama ataendelea na sisi. Alipoondoka nilipasua nyingine tano. Zote makombo. Moja ilikuwa na vikonyo ndani, vile vigumu ambavyo hata kwenye ugoro wa sokoni haviwekwi.

Sasa mtu ataniuliza, wewe mvalishaji hukuona? Kule karakana mzee alikuwa anapasua sigara moja ya kila mjazaji kila siku, bila kujali ni nani. Tuliporudi nyumbani mimi nikaacha. Marehemu mama mkwe alitulea na neno moja: alichofunga wifi hakikaguliwi. Akikuletea kapu unalipokea kwa mikono miwili, unashukuru, unaliingiza ndani. Kulifungua na kuanza kuchungulia ni kumwambia kwamba humwamini. Nikaona nikipasua kazi ya Naghenjwa nitakuwa nimemtukana yeye na kaka yake aliye kaburini. Kwa hiyo miaka sita sijapasua hata moja. Nilijiona mke wa watu mwenye adabu.

Jana asubuhi nilipanda gari la Maore. Njia nzima, kuanzia Kisiwani, nilikuwa namtafutia udhuru: labda ukame, labda wadudu wamekula majani, labda anaumwa na hataki kusema.

Naghenjwa ni mkubwa kwangu, hivyo nilimwamkia, akaitikia, akanipakulia makande. Nilikula, maana chakula cha wifi hakikataliwi. Kisha nikaingia kwenye banda la kukaushia. Majani yalining'inia safu kwa safu, marefu, ya rangi nzuri ya kahawia. Hakuna ukame wala mdudu. Pembeni ya meza yake palikuwa na boksi limefunikwa kitenge. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilifunua kitu cha wifi mbele ya macho yake.

Zilikuwa sigara zilizokamilika. Zimevalishwa tayari. Vichwa vya chache vilikuwa vimepinda kidogo, kama vya mtu anayejifunza, lakini zilizobaki hata mzee wa Arusha angezikubali. Amejifunza kuvalisha peke yake, kimyakimya, na kuna mtu Moshi anazichukua.

Nilimuuliza, “Kwa hiyo majani mazima yanaingia humu, makombo yanakuja kwangu?”

Hakukana. Hilo ndilo lililonichoma zaidi, maana nilikuwa nimejiandaa kusikia uongo. Aliendelea kuchambua mshipa wa jani lililokuwa mkononi, akaniambia bila kupandisha sauti:

“Miaka sita nimejaza, wifi. Jina kwenye kikaratasi ni la nani?”

Nilimwambia kama ni jina, angesema. Ningeandika mawili. Akacheka kidogo, si kwa furaha. Akasema mzigo wa kwanza wa makombo aliuleta makusudi, ili nishtuke nimpigie simu, na siku hiyo angenieleza yote yaliyomo moyoni. Alikaa na simu mfukoni mpaka jioni.

“Hukupiga. Ukauvalisha, ukauza. Nikajua kwako ndani hakuna maana, ili mradi nje kunang'aa.”

Niliondoka bila kuaga vizuri. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na mimi changu kilikuwa kinakuja kila Jumanne kikiwa kwenye kitenge. Kama alikuwa na dukuduku, mdomo anao. Ameona heri aliharibu jina ambalo hata yeye linamlisha. Wageni wale hawakumkosea. Ni mimi ninayepita sokoni, mimi ninayeulizwa. Sijui kama nitaweza kukaa naye benchi moja kwenye msiba.

Ila humu nilijiwekea sharti la kutodanganya, kwa hiyo nitaandika mawili ambayo sijamwambia mtu.

La kwanza. Vidole vyangu vilijua. Mzigo ule wa kwanza, niliposhika mwili wa sigara ya pili au ya tatu, ulibonyea mahali fulani na mahali pengine ukawa mgumu. Jani zima halifanyi hivyo. Nilisimama kidogo. Kisha nikajiambia ni unyevu, nikaizungushia jani zuri, nikaendelea. Mkono wenye miaka kumi na minne ya kazi hauwezi kusingizia unyevu.

La pili. Wakati naondoka jana niliiba sigara moja kwenye boksi lake. Niliichomeka kwenye khanga wakati amekwenda kuniletea ndizi za kubeba. Ndiyo, pamoja na yote hayo alinifungashia ndizi, na mimi nilikuwa mwizi.

Leo alasiri nilijificha nyuma ya banda la kuku, wenzangu wa kwaya wasije wakaniona na moshi mdomoni, nikaiwasha. Nilitaka iwe mbaya. Niliomba kabisa iwe mbaya.

Ilianza kwa upole, ikaja harufu kama ya ngozi mpya, kisha ukali ukaingia taratibu na kukaa mahali pake. Moshi ulikuwa umepoa. Jivu lilifika urefu wa kidole, jeupe, na upepo huu wote wa Same haukuliangusha. Kwa miaka sita watu wamekuwa wakinisifia sigara zangu, na nimekuwa nikiitikia ahsante.

Nililia, ndiyo. Kuku wakaniangalia.

Nimelirudisha boksi la meneja mezani, na juu yake nimeweka kile kipande nilichobakiza cha sigara ya Naghenjwa. Jumatatu nitamweleza nani alijaza hizi mbovu. Halafu itanibidi nimweleze nani alijaza zote zile nzuri, na sijui kama sauti yangu itafika huko.