Sweta Niliyoitia Magome

Njombe, Mfunguo Nne

Kwa mke wangu Mwanahawa binti Seif, aliye kwa kaka yake, Umwe, Rufiji.

Assalaam alaykum. Kabla ya jambo lolote nauliza hali yako. Kifua kimetulia? Na goti la kushoto, lile lililokuwa likikukalisha njiani ukitoka bondeni na mzigo, bado linauma? Mkwe wangu, mama yako, macho yake yanaendeleaje? Mimi mwili mzima, ila vidole vimepasuka kwa baridi na kucha mbili zimeng'oka. Hayo ndiyo ya afya, na nayaandika kwa mkono wangu mwenyewe, sikumwomba karani.

Shemeji Mbaraka, najua barua hii iko mkononi mwako, maana wewe ndiye msomaji wa nyumba. Nakuomba usome kwa sauti na usiruke mstari, hata pale nitakapokusema wewe.

Barua yenu ilinifika juzi. Ina mistari sita, nimeihesabu, na salamu hamna. "Umeleta nguo ya mtoto katika nyumba isiyo na mtoto. Kama umezaa huko, mvalishe huyo wako mwenyewe. Dada yangu amerudi kwetu, nyumba ya Mahege kaifunga, ufunguo kamwachia jirani. Anataka talaka yake." Basi. Karibu miaka mitatu ya kuhangaika inajibiwa kwa mistari sita. Shemeji, umenijua tangu siku naposa. Ulishindwa kuongeza mstari wa saba ukaniuliza, "Athumani, hii nini?" Ungeuliza ningejibu. Hukuuliza. Hilo nimeliweka moyoni na sitalificha.

Sasa Mwanahawa, nisikilize wewe. Sina mtoto huku. Sina mwanamke huku. Ile sweta ilikuwa yako.

Unajua nilikuja kwa mkataba wa kukata miti ya miwati. Mkataba ulipokwisha nikapata kazi kwenye shamba la kondoo la mzungu mmoja, kufagia ghala la manyoya. Mkewe, memsabu, hukaa barazani akifuma soksi kwa sindano mbili ndefu, na uzi wake huusokota mwenyewe kwa gurudumu la kukanyaga kwa mguu. Siku moja nafagia, nikaona kitanzi kimemponyoka, haoni, anaendelea tu, kimeshashuka mistari minne. Nikashindwa kunyamaza.

"Memsabu, jicho limetoka. Wavu huo utatoboka."

Akacheka, akaninyooshea sindano. "Haya bwana mvuvi, lirudishe."

Nikalirudisha. Mtu aliyekulia kisiwani, akafuma nyavu za majarife na baba yake kabla hajaota meno ya pili, atashindwa na soksi? Toka siku ile fagio nikaliacha, na leo nina wasokotaji watano chini yangu, na hakuna aliyenishika mkono kunifikisha hapa.

Kufuma hakukunisumbua. Kusokota ndiko kulikonitoa jasho. Mwezi mzima uzi unakatika, hapa mnene kama kamba ya mashua, hapa mwembamba kama unywele. Ndipo nikakukumbuka wewe umekaa kizingitini, kijiti cha bibi yako kinazunguka pajani, pamba inatoka uzi sawasawa, na huku unaongea na wapita njia wala hukiangalii. Nami nilikwambia nini? "Acha hayo. Watu watasema Athumani hawezi kumnunulia mkewe hata uzi wa dukani." Ukakipandisha kijiti darini. Kumbe ulikuwa na kazi mkononi ambayo mimi nimekuja kufundishwa ukubwani, nachekwa. Nilisema kwa ujinga, na sikuwahi kukwambia hivyo.

Katika barua yako ya mwaka jana ulieleza jinsi kipupwe kilivyokutesa dunguni, mnalinda mpunga na nguruwe, alfajiri ukungu wa mto unapanda mpaka juu mlipolala, na kanga mbili hazitoshi. Nikasema nitamfumia sweta. Manyoya ya tumboni mwa kondoo ni mafupi, yana samadi, hapa hutupwa. Nikaomba, nikapewa. Nikayaosha mara tano, nikayachana kwa mbao mbili za misumari, nikayasokota Jumapili kumi na nne, zikatoka ratli mbili na robo za uzi. Kisha Jumapili tisa za kufuma. Kipimo chako sikuwa nacho kwenye karatasi, lakini mikono yangu inakijua: kifua shibiri nne na vidole vitatu. Ilipokwisha nikaivaa mwenyewe kuijaribu, ikanibana kwapani kidogo tu. Ningeifunga kwenye gunia siku ile ile, leo tusingekuwa hapa.

Lakini nikafanya la kwetu. Ninyi watu wa bondeni hamlijui. Kule visiwani wavu mpya hauingii majini mpaka uchemshwe na magome ya mkandaa. Pipa, maji, magome yaliyopondwa, moto mkali, wavu unageuzwa kwa mti mpaka uwe mwekundu wa damu. Usipofanya hivyo, haumalizi mwezi, umeoza. Baba alikuwa akisema uzi ambao haujanywa magome bado ni pamba. Nami nikaona, nimpelekee mke wangu kitu kibichi, kije kioze kwa ukungu wa bondeni? Mkandaa huku hakuna, lakini magome ya miwati yamejaa na rangi yake ni ile ile. Nikawasha moto.

Mwenzangu wa kusokota, Mbena mmoja anaitwa Luka, akaja kuota moto wangu.

"We Mswahili, unampika kondoo aliyekwisha kunyolewa?"

"Nyamaza Luka. Ninyi hamjui maji ya chumvi yanavyokula uzi."

"Mkeo anakaa kwenye maji ya chumvi? Umeoa samaki?"

Nikageuza, nikaiponda kwa mti ili rangi iingie, nikaitoa inafuka moshi nikaitosa kwenye mto wa hapa, ambao maji yake ni kama barafu. Ndivyo tunavyofanya nyavu. Ilipotoka majini Luka hakucheka. Aliishika mabegani akaitazama huku na huku, ndipo akasema, "Sasa kilichobaki utafute mke wa kimo hiki."

Manyoya si pamba, Mwanahawa. Yakipata moto na kupigwa, yanashikana, nguo inarudi, na ikisharudi haikunjuki tena. Kila mtoto wa Kibena analijua hilo. Pwani nzima hakuna wa kukwambia.

Najua mtasema hii ni hadithi ya mtu aliyeshikwa. Basi chukueni ile sweta, igeuzeni ndani nje, mtazame upindo wa chini, pale haikushikana sana, vitanzi bado vinaonekana. Shemeji, hesabu kwa ncha ya sindano. Mbele utapata sabini na sita. Nyuma sabini na sita. Kwa unene wa uzi ule, nguo ya mtoto ilitaka arobaini na vinne tu. Fundi gani ataanza sabini na sita kwa kifua cha mtoto? Kwenda juu ni mistari mia moja na thelathini. Mikono, kila mmoja vitanzi arobaini kwa mistari mia moja. Jumla ni vitanzi elfu ishirini na saba mia saba na sitini, kola sijaihesabu. Vyote vilipigiwa hesabu ya mwili wako, si wa mwingine.

Mtauliza basi, kama uliona imeharibika, kwa nini uliileta? Na kwa nini hukuandika hata neno?

Jibu nililokuwa nimeliandaa ni kwamba wavu ukichemshwa hurudi kidogo, na ukivutwa ungali mbichi hunyooka, nikadhani ukiilowesha ukaivuta itafuata mwili. Na kwamba dereva wa lori aliyelichukua gunia alikuwa anashuka asubuhi ile ile, sikupata nafasi ya kuandika. Nililiandika jibu hilo jana kwenye karatasi nyingine. Nikalisoma, nikaichana karatasi. Dereva alikunywa chai kwetu karibu saa nzima. Nafasi nilikuwa nayo.

Mwanahawa, mimi mwenyewe niliiona. Nilipoitandaza nyasini ikauke, imelala chali, mikono imefunguka huku na huku, nilijua ni kimo cha nani. Unanijua kwa hesabu, nilipiga pale pale. Alituacha ana mwaka mmoja na miezi minne. Angekuwapo, siku ile angekuwa na miaka minne na miezi mitatu. Ingemkaa. Nikaketi kwenye nyasi mpaka Luka akaja kuniuliza kulikoni, nikamwambia ni moshi umeniingia machoni.

Kuifumua haikufumuka. Kuitupa, nilikwenda nayo mara mbili mpaka penye shimo la taka, mara mbili nikarudi nayo. Kukaa nayo chumbani sikuweza. Basi nikaifunga, nikampa dereva, nikakutwika wewe. Bila neno.

Na ndivyo nilivyofanya na msiba wenyewe. Siku ya arobaini tulisoma hitima, ya arobaini na moja mimi niko juu ya lori pale Kibiti. Uliniuliza umesimama kando ya gurudumu, "Unakimbia nini, baba?" Nikakujibu, "Sikimbii, nakwenda kutafuta." Barua zangu tangu siku ile ni tisa. Nimekuandikia habari za mvua, za ndui ya kondoo, za memsabu na mbwa wake. Yeye sikumtaja hata mara moja. Wewe umeniletea barua nne, na katika kila moja umemtaja, mara ya mwisho ulisema kaburi limeota majani umeling'olea peke yako. Mimi nikifika hapo huikunja karatasi. Nilikuwa nikijisemea kwamba mwanamume akiwa mbali na anafanya kazi, ameshatoa sehemu yake ya majonzi. Sijatoa. Umebeba ya kwako na ya kwangu, na juu yake nikakuletea gunia.

Kwa hiyo ulipoifungua ile nguo mbele ya wanawake wa Mahege, kama dereva alivyonisimulia, na ukaona mtoto ndani yake, macho yako hayakukosea. Mtoto yumo. Ila si wa mwanamke mwingine.

Sikuandikii haya ili unionee huruma. Nayaandika kwa kuwa ulitaka talaka kwa sababu ambayo si ya kweli, na sikutaka uondoke na sababu hiyo. Kama unaitaka kwa sababu ya kweli, ninazo nimezitaja hapa, na ni nzito kuliko ile. Kipande changu cha kazi kimebaki siku kumi na tisa. Memsabu amesema nikiondoka nafasi yangu atapewa Luka, nami nimemwambia Luka anastahili. Nikimaliza siku hizo nashuka. Kutoka Kibiti sitakwenda Mahege. Nitakuja Umwe kwa miguu, nitapiga hodi uani kwa shemeji, na nitasimama nje ya kiwambaza. Ukinitolea mkeka nitakaa, na tutaanza na yale ya arobaini na moja, si ya sweta. Usiponitolea, sitamwita mzee yeyote wala sitabishana na kaka yako. Nitaomba kalamu, nitakuandikia talaka yako pale pale nimesimama, na sitadai kitu.

Nisalimie mkwe wangu, mwambie dawa ya macho nitakuja nayo. Nisalimie shemeji Mbaraka mwenyewe, najua amesoma mpaka hapa na amekasirika mahali pawili. Aniwekee hasira hizo nifike. Nisalimie mke wake, ambaye ninaamini alisema tusubiri kwanza, maana ndiye mwenye subira katika nyumba hiyo. Nisalimie jirani yetu aliyeachiwa ufunguo, na shangazi yangu wa Mahege, ambaye nasikia anakuletea samaki wa kukausha hata sasa ambapo hana haki ya kukudai ukwe.

Na moja imebaki. Ukienda Mahege kuchukua vyombo vyako kabla sijafika, pitia makaburini. Mtolee salamu Zena. Mwambie ni za baba yake, na kwamba ni za kwanza, na kwamba kuchelewa ni kwangu.

Mumeo mpaka utakaposema vinginevyo,
Athumani bin Salum