Damu Namba Ishirini

3 Machi
Baba,
Shikamoo. Natumai wewe na Mama hamjambo. Mimi mzima, ila maabara inanitoa jasho. Jumatatu nesi atafika karakanani kwenu na vichupa ishirini. Waambie mafundi betri wenzako wasiogope, ni damu kidogo tu. Tunachunguza kama hiyo risasi mnayoyeyusha ndiyo inayowaharibu watu figo.
Mwanao

15 Machi
Mwanangu Daktari,
Marahaba. Tunaendelea vizuri, ingawa Mama yako miguu inamvimba, mwenyewe anasema ni uzee. Kumbe risasi inaua hata bila bunduki! Mafundi kumi na tisa walitoa damu. Wa ishirini alipoiona sindano akakumbuka ana safari. Sikutaka kichupa kipotee bure, nikamwita Mama yako, alikuwa ameniletea chakula. Alitoa damu huku akimsema nesi kwa ubahili wa pamba.
Baba yako

9 Mei
Baba,
Shikamoo. Poleni na kazi. Majibu yametoka, na nyote mna risasi mwilini. Namba ishirini nimeirudia mara tatu. Mama amewapita mafundi kumi na wawili, na figo zake zinashindwa kazi. Mpeleke hospitali wiki hii, barua ya daktari imo humu kwenye bahasha. Mama hajawahi kushika betri. Baba, ovaroli zako anafua nani?
Mwanao

30 Mei
Mwanangu,
Marahaba. Mimi mzima wa mwili tu. Anafua yeye, miaka ishirini na nane sasa. Huzikung'uta kwanza mlangoni ili vumbi litoke. Hospitali tumekwenda, anasafishwa damu mara mbili kwa wiki. Sijamwambia ugonjwa umetoka wapi. Yeye anadhani ni chumvi, kila siku anajilaumu kwa kupenda chumvi. Nitaanzaje?
Baba yako

6 Juni
Baba,
Shikamoo. Pole sana. Mwambie. Anajilaumu kwa kosa lisilo lake. Wala si lako. Tajiri wenu hakuwapa hata bomba la kuogea wala mahali pa kubadilishia nguo, na hilo nitaliandika kwenye ripoti. Lakini mtu ana haki ya kujua kinachomla. Usimfiche.
Mwanao

2 Julai
Mwanangu,
Marahaba. Hali ya Mama yako si nzuri, amekonda. Jana nimemwambia. Hakunigombeza, na heri angenigombeza. Aliuliza tu, "Na yule niliyekuwa nikimbeba mgongoni huku nafua?" Nikasema sijui. Tangu hapo hali chakula wala hasemi lingine. Anasubiri ujipime.
Baba yako

19 Agosti
Baba,
Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, nilikuwa kitandani. Nimepima. Risasi ninayo. Imejificha mifupani tangu utotoni, na sasa figo zangu zimeanza kuchoka. Barua hii uisome peke yako, kisha uichome.
Mama mwambie sina kitu.
Mwanao