Hotuba Niliyomnyang'anya Rehema

Jumapili, saa nane mchana. Theluji inayeyuka na kudondoka kutoka kwenye paa, na barabara yetu hapa Crystal, Marekani, imejaa tope jeusi. Jua lipo, ila mimi nimefunga pazia.

Leo sikwenda kanisani. Nimewaambia watu kichwa kinaniuma. Si kweli.

Naona haya.

Niandike tangu mwanzo, maana nikianza kujitetea sitamaliza. Kikundi chetu cha maigizo ni Watanzania kumi na wawili hivi, wengi tunatunza wazee, wachache wako ofisini. Mwongozaji wetu ni Mwalimu Kessy. Hafundishi siku hizi, yuko kwenye kampuni moja kule Golden Valley, lakini jina la Mwalimu limemganda. Mwaka huu alituandikia mchezo wa kuchekesha juu ya Amerika ya zamani, enzi za wachunga ng'ombe na wachimba dhahabu. Waigizaji wawili wa kike wanafika siku moja kwenye mji mmoja wa vumbi, kila mmoja anadai yeye ndiye malkia wa jukwaa kutoka Boston, na mji una jukwaa moja tu, tena ndani ya baa. Mimi ni Bibi Klara. Rehema ni Bibi Arabela. Farasi wetu ni kiti cha magurudumu kilichofunikwa blanketi la kahawia.

Rehema nimemzidi miaka kumi. Alipofika huku alikaa kwangu miezi minne, na mimi ndiye niliyemfundisha kuendesha gari kwenye barafu. Si ndugu yangu wa damu, lakini hajawahi kuniita kwa jina. Ananiita dada.

Sasa niseme jambo ambalo sijawahi kulisema. Kwenye shughuli zote za Watanzania wa hapa, mchekeshaji nilikuwa mimi. Iwe harusi, kipaimara au kumuaga anayerudi nyumbani, nikishika kipaza sauti watu wanaanza kucheka kabla sijafungua mdomo. Halafu akaja Rehema, ambaye hata hajitahidi. Anainua nyusi moja tu, ukumbi mzima hoi. Nilikuwa nacheka na wenzangu, huku moyoni nahesabu nani kacheka zaidi.

Wiki tano zilizopita Mwalimu alibadilisha mwisho wa mchezo. Aliandika kwamba Klara na Arabela wanaigiza kufa kwenye jukwaa lilelile, na hakuna anayekubali kufa kwanza. Mwishowe Klara anachoka, anakufa. Arabela anabaki, anajiinua kwa kiwiko na kuwahutubia wachunga ng'ombe: "Nimekufa Boston, nimekufa Chicago, nimekufa mbele ya magavana wawili, na kote huko walilia. Hapa kwenu hata mbwa hakuinua kichwa." Hotuba inaendelea hivyo dakika mbili nzima. Ndiyo utamu wa mchezo wote.

Niliposoma nilicheka peke yangu jikoni, kisha roho ikaniuma. Hotuba ile ilikuwa saizi yangu kabisa.

Sisi hatuna muda wa kukaa na makaratasi. Zamu zetu zinapishana, huyu anaingia kazini mwenzake anatoka. Kwa hiyo mmoja anasoma sehemu za wenzake, anazirekodi kwenye simu na kuwatumia, na kila mtu anajifunza akiwa njiani. Msomaji ni mimi. Rehema anaendesha kila siku mpaka Champlin kwenye nyumba ya wazee, na humo garini ndimo anamojifunzia. Kila nikimtumia rekodi ananijibu kwa sauti, maneno yaleyale: "Nimeipata, dada. Endelea."

Mwisho mpya niliurekodi nikiwa kwenye gari, kwenye maegesho ya kazini. Nikafanya Arabela afe kwanza. Klara akabaki na hotuba.

Nilisoma bila kukwama hata mahali pamoja.

"Nimeipata, dada. Endelea."

Nilijiambia ni utani, nitamwambia siku ya mazoezi. Kabla ya mazoezi hayo kazi ikampeleka Mwalimu jimbo jingine wiki nne, na mazoezi nikasimamia mimi. Wale wachunga ng'ombe wetu kazi yao ni kupiga makofi na kuzomea, na nakala ya mwisho mpya nilikuwa nayo mimi peke yangu. Rehema akawa anafanya mazoezi ya kufa. Alikufa vizuri, bila kulalamika, akaniuliza hata mguu auweke wapi ili asinizibe. Kila Alhamisi nilisema nitamwambia Alhamisi ijayo.

Jana ilikuwa siku ya onyesho. Mwalimu alirudi asubuhi ileile, moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama nyuma karibu na makoti. Mstari wa mbele alikaa mama yake Rehema, amefika kutoka Korogwe wiki mbili tu zilizopita, amevaa koti la baridi la mkwewe, mume wa Rehema, lililomfunika mpaka vidole. Mwaka mzima Rehema amekuwa akimwambia kwenye simu kwamba huku Marekani amekuwa mwigizaji.

Mambo yalikwenda vizuri sana. Farasi aligoma kupita mlangoni, watu wakadhani ni sehemu ya mchezo. Tukafika kwenye kufa. Rehema akaanguka, akalala. Mimi nikajiinua kwa kiwiko.

Sijawahi kuchekesha watu kama jana. Mzee mmoja ilibidi atoke nje kukohoa. Katikati ya kelele nikatazama chini mara moja tu, nikamwona Rehema amefumba macho na midomo inamcheza. Alikuwa anafurahi. Alikuwa ananifurahia mimi.

Nikamaliza hotuba.

Baadaye mama yake alikuja nyuma ya pazia. Nikamwamkia, akaitikia marahaba huku bado anafuta machozi ya kicheko.

"Mwanangu umenivunja mbavu," akaniambia. Kisha akamgeukia Rehema. "Na wewe mwenzangu, kazi yako ilikuwa kulala tu?"

"Kufa nako ni kazi, mama," Rehema akasema, akacheka. Mama yake hakucheka sana. Alimrekebishia ukosi wa gauni, kama mtu anayemfariji mtoto aliyeshindwa mtihani.

Mwalimu alisubiri mama asogee kwenye chai. Akauliza taratibu, "Rehema, hotuba ile nilikuandikia wewe. Imekuwaje?"

Rehema akajibu kabla yangu.

"Samahani, Mwalimu. Labda sikusikiliza vizuri. Huwa nasikiliza huku naendesha, na zile siku barabara zilikuwa mbaya." Akanishika mkono. "Dada kaniokoa. Bila yeye tungeaibika."

Nafasi ya kusema ukweli ilikuwa ile. Mwalimu ananitazama, Rehema kanishika mkono. Nikafungua mdomo, nikasema, "Usijali, mdogo wangu. Inatokea."

Inatokea.

Nimelala na neno hilo, nimeamka nalo. Kwenye mchezo, Klara anaficha wigi la mwenzake na kumtilia pilipili kwenye poda, na watu wanampenda kwa sababu anafanya mbele ya macho yao. Mimi nilimfanyia Rehema kwenye maegesho, vioo vimefungwa, kwa sauti ileile anayoiamini. Nimemfanya aombe radhi kwa kosa langu. Nimemfanya mama yake amwonee huruma. Rekodi bado iko kwenye simu yake, na asubuhi sikujua naogopa nini zaidi, kwamba ataisikiliza tena, au kwamba hataisikiliza kabisa, aendelee kujiona mzembe.

Jumamosi ijayo tunarudia onyesho upande wa Saint Paul, na mama yake bado yupo.

Kabla sijaanza kuandika hapa nilimpigia Mwalimu, nikamwambia yote. Akasema, "Hilo kamwambie mwenyewe." Akakata.

Basi nikachukua karatasi, nikarekodi upya. Klara anakufa kwanza. Arabela anajiinua kwa kiwiko. Nilisoma hotuba yote kama ambavyo angeisema yeye, nikiacha nafasi pale ambapo angeinua nyusi. Mwisho wa hotuba sikuzima. Nikasema: "Rehema, hukukosea kitu. Hii ilikuwa yako tangu siku ya kwanza. Niliibadilisha makusudi, kwa wivu. Nisamehe. Na mama nitamwambia mwenyewe, ukiniruhusu."

Nikaituma, nikafunga pazia, nikakaa kuandika haya.

Jibu lake limeingia sasa hivi, nikiwa kwenye aya ya juu. Sekunde mbili. Nimelisikiliza mara tatu, huenda nimepitwa na kitu.

"Nimeipata."

Hakuna dada. Hakuna endelea.

Jumamosi, kama atakuja, nitakufa kwanza kama ilivyoandikwa. Nitalala pale chini karibu na miguu yake, nifumbe macho, nisikilize watu wanavyochekeshwa na yeye. Jana Rehema alilala palepale na alikuwa anatabasamu kwa ajili yangu. Mimi nitaweza?