Mpaka Kahawa Iishe Mdomoni

Mjukuu wangu Kokusima,

Sisi huku Kaagya tupo salama. Nasema sisi, kumbe ni mimi na migomba tu, maana shangazi yako naye amehamia mjini Bilele.

Umeuliza kama ulifungie gari lako la dizeli rejeta ya oili iliyo kubwa zaidi, kwa sababu ukilikimbiza huko kwenye uwanja wa mashindano ya magari oili inachemka. Ifunge, mama, na uiweke mbele ipate upepo. Lakini rejeta peke yake haitoshi.

Nikiwa kijana najifunza udereva, nilipandisha lori la ndizi vilima vya Muleba hadi nyumbani kwa mzee aliyekuwa akinifundisha. Tulipofika nikataka kuzima injini. Akanishika mkono.

"Iache ingurume taratibu. Imetoka kukimbia, oili bado ina moto; ukiizima ghafla oili itaungulia humo ndani. Tutafune kwanza."

Akaletewa kikapu kidogo cha kahawa, zile buni kavu za kutafuna tunazomkaribishia mgeni. Tukatafuna mle mle ndani ya lori, tukiulizana habari za watu wetu. Ilipoisha mdomoni akasema, "Sasa zima, tushuke."

Nawe ukimaliza kukimbia, fanya hivyo hivyo.

Kikapu changu cha kahawa kipo mlangoni. Nikisikia gari natoka nacho, ila wageni wa siku hizi hunisalimu dirishani wakaondoka. Hata wewe, Krismasi ile, ulinikumbatia injini ikinguruma, nami nimeshika kikapu.

Babu yako