Chumba cha Mama

Jumamosi.

Nywele zangu za miaka tisa zimebaki kwenye sakafu ya saluni, Nyamirambo. Nilitaka zipunguzwe kidogo tu. Nilipojiona kwenye kioo karibu nilie: kichwa kama cha mtoto wa shule ya msingi!

Nikapanda moto, pikipiki ya abiria, mpaka kiwanjani, angalau nitulize moyo kwa kuangalia nyumba yetu inavyopanda. Fundi mkuu hakunitambua. Alidhani natafuta pa kupanga.

"Karibu, dada. Chumba hiki kina mlango wake wa nje. Mwenye nyumba anataka kukipangisha."

Kile ni chumba cha mama yangu. Mimi na mume wangu Yusufu tulikubaliana kabla hata msingi haujachimbwa. Sasa mlango unaokiunganisha na nyumba umezibwa kwa matofali, na saruji bado mbichi. Mama ameshaanza kufunga vyombo vyake kule Rwezamenyo, na magoti yake yale mabovu...

Yusufu alirudi jioni, akabaki ananikodolea macho.

"Mke wangu, kichwa umekifanya nini?"

"Na wewe chumba cha mama umekifanya nini?"

Eti alikuwa anatafuta siku nzuri ya kuniambia. Nikamwambia ampigie fundi papo hapo, mbele yangu. Akapiga, akasema Jumatatu yale matofali yaondolewe.

Sauti ya fundi niliisikia vizuri:

"Kumbe mkeo ameshajua, bosi?"