Kutakaswa kwa Baba Mdogo Masele

Jumatatu, 10 Juni 1946

Humu nitaandika yote, hata yale ambayo nyumbani watu huyanyamazia. Likizo ya shule imeanza. Lori la pamba limenishusha Mhunze, nimechoka hadi meno.

Baba mdogo Masele amerudi kutoka vita vya Burma. Anakula peke yake nyuma ya zizi. Mwanawe Mageni alizaliwa yeye hayupo. Mtoto akimkimbilia, Mama Mageni humvuta. Aliyeua vitani hali na watu wala hagusi mtoto mpaka atakaswe. Na kutakaswa ni kusema mbele ya ukoo amemuua nani, na jinsi gani. Mzee Maige ataongoza Jumapili. Yeye aliua simba zamani, naye akatakaswa. Bibi anasema tangu siku hiyo hajawahi kunyamaza!

Jumatano, 12 Juni

Kutwa tumechambua pamba. Mgongo wangu!

Jioni Baba akaniambia niwasomee wazee gazeti nililopewa shuleni na Mwalimu Philomena. Wakubwa wa Kijapani wamesimamishwa mbele ya majaji wa mataifa, kwa kuua mateka. Wazee wakasema ni haki yao. Baba mdogo, kule alikokaa kando, akauliza kama sheria hiyo ni ya walioshindwa tu. Nikasimama wima kama darasani. Nikajibu tulivyofundishwa: ni ya wote, hata askari wetu wa Keya, jeshi la Mfalme wa Uingereza.

Nilijiona nimejibu vema. Ugali wake hakuugusa.

Jumapili, 16 Juni

Hakusema yote.

Kondoo amechinjwa, dawa iko chunguni. Alitaja watatu, wote wa mapigano, na kwa kila mmoja tukaitika kwamba tumesikia. Kisha akafunga mdomo. Mzee Maige akangoja, akakohoa.

"Masele, mbona unameza? Dawa hii haioshi kilichobaki tumboni."

Baba mdogo akamtazama Stanslaus. Stanslaus ni kaka wa Mama Mageni — na ni karani wa baraza la mtemi. Mjomba wa mtoto asiposikia, mtu hajatakaswa. Karani akisikia, anaandika.

Maige akaifunika dawa. Akasema atarudi Jumapili ijayo, mara moja tu.

Jumatatu, 17 Juni

Nilimpelekea baba mdogo uji. Alisema huku akitazama ng'ombe:

"Alikuwa ameinua mikono, Skola. Afande akasema hatuwezi kutembea naye."

Nikaweka kibuyu chini. Kumbe wa nne ni mateka. Kisha akauliza: "Hao majaji wako watamwita afande, au mimi?"

Hilo hatukufundishwa. Ningejua, Jumatano ningesoma bei ya pamba tu.

Jumanne, 18 Juni

Mama Mageni alimsihi kaka yake Jumapili ijayo aje kama mjomba, ukarani auache ofisini. Stanslaus akacheka, cheko la mtu aliyechoka. Alisema kama masikio yangevuliwa kama viatu angeyaacha mlangoni. Lakini amekula kiapo. Akisikia neno hilo lazima limfikie Bwana Shauri, Mzungu wa wilaya. Asipokuja, Maige haanzi. Na Maige hatarudi mara ya tatu.

Baba mdogo amekwisha kunja blanketi lake la jeshi. Anasema atakwenda Geita, kwenye dhahabu. Huko mtu hula na yeyote, hakuna anayemwuliza alitoka wapi. Mama Mageni aliuachia mkono wa mtoto. Mageni akavingirisha gunzi la hindi hadi miguuni pa baba yake. Baba mdogo akalitazama tu, kisha akalirudisha kwa ncha ya fimbo. Wakacheza hivyo mpaka jua likazama, na hakuna aliyewakataza.

Lori linarudi Shinyanga kesho. Dereva amekubali kumpelekea Mwalimu karatasi yangu. Jina la mtu sikulitaja. Nimeandika, nimefuta, mkono umechoka. Nimemwomba jibu lije na lori hilohilo, kabla ya Jumapili. Mengine yote nimeyafuta, nimebakiza hili:

Mwalimu, sheria ile ya mataifa ina mtu wa kumsikiliza aliyeua na kumrudisha kwa mtoto wake, au ina wa kumhukumu tu?