Mama Mkwe Ni Abiria Uani Kwangu

Mpendwa Bi Nyamvula, shikamoo. Naomba msaada wako kabla sijafanya jambo la aibu, maana nimefika mahali ambapo mimi, mtu mzima mwenye mke na watoto, nakula chakula cha jioni peke yangu gizani, na mke wangu yuko hapo hapo uani, nasikia sauti yake, nasikia akicheka, lakini siwezi kumfuata alipo, kwa sababu yuko ndani ya karavani ya mama yake, na kwa mila zetu mimi siruhusiwi kuingia anapolala mama mkwe.

Wacha nianze mwanzo ili unielewe. Naitwa Gedion, ni mtu wa Vihiga, lakini nimekaa huku Changamwe miaka mingi, nafanya kazi kwenye yadi ya makontena, na nyumba yangu iko Magongo, ndege zikitua zinapita juu ya bati letu mpaka vikombe vinatetemeka. Mke wangu ni Dorothy. Mwaka jana mama yake alianza kupoteza macho, ikaonekana ni mtoto wa jicho, akatakiwa aje Mombasa apasuliwe, na hapo ndipo shida ilianza, kwa sababu kwetu mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake, ni mwiko mkubwa, hata akija mchana yeye anakaa upande wake na mimi wangu. Na kumpeleka gesti mama ambaye haoni, ningeonekana mtu wa namna gani? Sasa kulikuwa na mzungu mmoja Nyali anahama, anauza karavani, ile nyumba ndogo ya magurudumu inayokokotwa na gari, ina kitanda, jiko, kabati na mapazia ya maua, nikainunua. Mjomba wa Dorothy, ambaye ndiye msemaji wa ukoo kwa mambo kama haya, akapigiwa simu, naye akauliza swali moja tu: "Ina magurudumu?" Nikamwambia inayo. Akasema, "Basi hiyo si nyumba, ni gari. Mama hatakuwa amelala kwako. Atakuwa safarini."

Tulifurahi sana. Mama akaingia kwenye karavani, akapasuliwa macho, ikaenda vizuri. Lakini haukupita muda mjomba akapiga simu tena, akasema amefikiria vizuri na ameona kwamba gari lisilotembea ni nyumba, kwa hivyo lazima litembee. Basi ikawa kila Jumamosi naikokota karavani kutoka kwenye tangi la maji hadi getini, na Jumamosi inayofuata nairudisha kwenye tangi. Gari langu ni Probox, na fundi Fondo wa hapa mtaani alinichomelea kile chuma cha nyuma chenye kichwa cha mviringo ambacho trela hufungwa, lakini siku ya kwanza uzito wote ulikalia nyuma, pua ya gari ikainuka, taa za mbele zikaangalia mbinguni, majirani wakaniuliza kama naongoza ndege zitue. Nikabadilisha chuma nikaweka kizito zaidi, nikaweka springi mpya za nyuma, nikaweka minyororo miwili ya usalama isije ikachomoka ikaniharibia geti. Mama hushuka kwanza na mkoba wake, anasubiri pembeni kama mtu aliye stejini, nikimaliza anapanda, na kwa vile yeye ni abiria ananipa nauli, na, Bi Nyamvula, anadai chenji.

Hayo yote nilivumilia. Halafu macho ya mama yakafunguka kabisa, na kitu cha kwanza alichoona ni waya. Nilikuwa nimempelekea stima kwa waya kutoka dirisha la jikoni ili apate taa. Akamwita Dorothy, akamwambia huku mimi nikisikia: "Mwambie mume wako, ikiwa nimeunganishwa na nyumba yake kwa waya, basi niko ndani ya nyumba yake." Mjomba akapigiwa simu. Mjomba akasema mama ana hoja.

Ndipo nikaanza mambo ya betri. Ile ya asidi iliyokuja na karavani ilikuwa imefura, haikuweza hata kuwasha balbu hadi saa ya kulala, nikaitupa. Nikafunga paneli za sola juu ya paa, inveta ya kugeuza umeme wa betri uwashe feni na televisheni, na betri mbili mpya za lithiamu, na sitakuficha, hiyo kazi niliipenda, nilikuwa nikitoka kazini naingia chini ya karavani na spana mpaka giza. Kuna kiskrini kidogo ukutani karibu na dirisha, kinaonyesha betri imebaki asilimia ngapi. Mimi siwezi kuingia kukisoma, kwa hivyo kila jioni nasimama nje ya dirisha nauliza, "Mama, imefika ngapi?" naye ananisomea, "Tisini na mbili," na anajivunia sana kwa sababu zamani hakuona hata mkono wake. Siku moja Dorothy alinijibu kutoka nyuma ya pazia, "Na mimi je, kuna siku utaniuliza nimefika ngapi?" Nikacheka, nilidhani ni mzaha, nikauliza kama inveta inapiga kelele.

Shida, Bi Nyamvula, ni kwamba betri ni nzuri kupita kiasi. Stima ikipotea mtaani, Magongo yote ni giza lakini karavani inawaka, feni inazunguka, televisheni inaongea. Watoto wakaenda kutazama katuni, wakalala huko huko. Halafu Dorothy akaenda usiku mmoja kwa sababu ya joto, asubuhi akarudi, kesho yake akaenda tena, na wiki jana nimeona amehamisha mto wake. Mto, Bi Nyamvula! Mtu hahamishi mto kwa sababu ya joto la siku moja.

Daktari alishasema zamani mama yuko sawa, anaweza kurudi nyumbani, lakini hakuna anayelitamka neno hilo. Kule kwao, Vihiga pia, hakuna mtu tangu baba mkwe afariki, ni yeye na taa ya koroboi, labda ndiyo maana hana haraka, lakini hilo si swali langu. Jumapili walipokuwa kanisani nilifungua kisanduku cha nje nikatoa fyuzi ya betri, nikasema giza litawarudisha nyumbani. Mama aliporudi akabonyeza taa, ikakataa, akatoka nje, akanitazama, akaunyooshea kidole mfuko wa shati langu. Fyuzi ilikuwa inaonekana. Nililipia hayo macho yapone kabisa, na yakapona kabisa.

Sasa swali langu ni hili. Rafiki yangu Kiponda ana pikapu kubwa, na nimeona chuma cha kukokotea cha kufaa pikapu hiyo, kizito sana. Je, niifunge karavani kwenye pikapu asubuhi moja, mama, Dorothy na watoto wakiwa humo ndani, niwakokote mpaka Vihiga, nimwache mama kule na karavani yake, halafu nirudi na familia yangu? Au nitoe betri zote mbili mara moja na kusiwe na mjadala? Naomba jibu la haraka, maana Jumamosi inakaribia na mama ameshaandaa nauli.

Gedion, Magongo.

JIBU LA BI NYAMVULA

Marahaba, mwanangu Gedion. Mara ya kwanza niliisoma barua yako nikacheka mpaka chai ikanimwagikia kangani. Mara ya pili sikucheka. Pole kwa kula gizani. Sasa kaa kitako, maana nina ya kukuambia.

Hutamkokota mtu yeyote akiwa ndani ya karavani, si hadi Vihiga wala hadi kwenye hilo tangi lako. Nimemuuliza mume wangu Mwinyihaji, aliyeendesha trela za kwenda mpakani Malaba hadi akastaafu, akaacha kula akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyetaka kufanya hivyo. Anasema trela ikianza kuyumba kwenye mteremko, walio ndani hurushwa huku na huko pamoja na masufuria, na chuma chako hata kiwe kizito namna gani hakitawasaidia. Umenunua chuma, springi na minyororo ili geti lisiharibike, halafu unataka kuwatia wanao humo humo na kuondoka nao alfajiri bila kuwaambia! Huo si usafiri, bwana, huo ni wizi wa watu. Mwachie Kiponda pikapu yake.

Na hiyo fyuzi irudishe mahali pake leo, kama hujairudisha. Mtu mzima, baba wa watoto, unamwibia mgonjwa wako taa Jumapili, halafu hata huna akili ya kuitia kwenye soksi. Betri usizichezee tena mwenyewe kwa hasira. Zina nguvu za kukuchoma, na mkeo atakuwa na wagonjwa wawili.

Sasa tuje kwa mama. Umeniandikia kurasa nzima za springi na inveta, halafu katikati ukapitisha kwamba mama huyu ni mjane, anaishi peke yake, na nyumbani kwake kuna koroboi, ukamalizia kwa kusema hilo si swali lako. Wallahi nilitaka kukuvuta sikio. Hilo ndilo swali lenyewe! Alikaa gizani mara mbili, giza la macho na giza la nyumba. Wewe umemwondolea la kwanza, Mungu akulipe, na sasa unashangaa kwamba hataki kulirudia la pili. Hata mimi nisingeshuka.

Kwa hivyo fanya hivi. Betri moja na paneli moja ni za mama. Si za kuazima, ni zawadi, na umtume fundi wa kule Vihiga azifunge nyumbani kwake kabla hajafika, taa ndani, taa uani, na pa kuchomeka televisheni. Hicho kiskrini pia mpe, maana anakipenda. Kisha mpigie simu mjomba. Yeye ndiye aliyesema mama yuko safarini, basi muulize kwa adabu, safari hii inaishia wapi, na nani atampokea akishuka? Mwache atafute jibu. Nina hakika atalipata haraka, maana wanaume wenye hukumu za magurudumu huwa hawataki kuulizwa mara mbili. Mama achague siku yake mwenyewe, asafiri kwa basi, kiti cha mbele, na nauli hiyo utailipa wewe. Zile alizokupa za kutoka tangini hadi getini zirudishe zote, na chenji yake. Huoni haya?

Hapo unajisemea, vizuri, mama akienda na betri moja, nyingine nitaifunga nyumbani kwangu, feni itazunguka, Dorothy atarudi. Ifunge, sikukatazi, na feni ya kwanza iwe ya chumbani kwenu. Lakini ukidhani feni ndiyo itakayomrudisha, basi bado hujaisoma barua yako mwenyewe.

Mimi nimeisoma. Kila jioni unatoka kazini, unaupita mlango wako, unaupita uso wa mkeo, unakwenda kuingia chini ya karavani na spana. Ukitoka huko unasimama dirishani na sauti ya upole, unauliza, imefika ngapi? Unajibiwa, unafurahi, unakwenda kula. Mkeo amesikia hivyo siku nyingi kuliko wewe unavyojua. Mwishowe akakuuliza yeye ni lini utamuuliza, akakuuliza kwa sauti, ukiwa umesimama pale pale, nawe ukamjibu kuhusu kelele za inveta. Gedion, Dorothy hakuhamisha mto wake kwa sababu ya joto, wala kwa televisheni. Alihamia mahali pekee katika ua wako ambapo mumewe huja kila jioni kuuliza habari.

Basi leo jioni ziache spana kazini. Oga kwanza. Nenda kasimame dirishani kama kawaida yako, mila haikukatazi kusimama nje. Mama akianza kukusomea kiskrini, mwambie ahsante mama, leo sikuja kwa hilo. Mwite mkeo kwa jina lake, umuulize yeye amefika ngapi, kisha ufunge mdomo umsikilize mpaka amalize, hata stima ikirudi.